Funda la Nne

Watoto wangu wamemchoka infirmier wangu. Mtu akitoka hospitali, mjukuu aking'olewa jino, mimi huanza: wakati wa waasi, nilipopasuliwa tumbo, palikuwa na muuguzi mmoja, mwanamume, pale hospitalini. Hapo binti yangu mkubwa hunipokonya maneno na kumalizia kwa sauti yangu, na nyumba nzima hucheka. Huwaacha wacheke. Hadithi wanayoijua ni nzuri, na yote ni kweli: baba yao alikuwa amelala akingoja kufa, na mtu asiye ndugu yake wala wa dini yake alimtunza kwa huruma mpaka akasimama. Nimeisimulia kwenye matanga, nimeisimulia msikitini, nimemsimulia hata mama mmoja kwenye boti ya kwenda Basoko ambaye alitaka kulala tu. Watu husema mzee huyu ana shukrani. Nami huangalia chini na kuomba chai.

Kuna kipande ninachokiruka kila mara. Nimezeeka, na sioni tena ninamfichia nani.

Mimi ni fundi cherehani. Nilizaliwa Kisangani, ingawa siku hizo mji ulikuwa bado una jina la mzungu kwenye karatasi za serikali, katika mtaa wetu wa Waislamu, ambao babu zetu waliingia na misafara ya biashara. Baba aliniachia cherehani moja, mkasi mmoja, na tabia ya kutouliza kitambaa kimetoka wapi. Mwaka wa uhuru nilishona bendera mpaka vidole vikaota sugu. Miaka minne baadaye waasi walipouteka mji, niliwashonea waasi. Sikuwa na siasa yoyote. Mtu alileta kitambaa, nikampima mabega.

Mmoja wa wakubwa wao, tuliyemwita commandant kwa sababu ndivyo alivyotaka, aliniletea kitambaa kizito cha kijani. Alitaka koti lenye mifuko minne na vifungo vya shaba. Kwa kuwa walikuwa wamepewa dawa ya vita, na dawa ile ilikataza kuguswa na mtu asiyeoshwa nayo, nilimpima kwa macho, nikiwa nimesimama hatua mbili mbali naye na kamba yangu shingoni bila kazi. Nilikuwa nimeshakata mbele na mgongo, mikono bado, ngiri yangu iliponikaba.

Ngiri hiyo nilikuwa nayo tangu ujana. Ilikuwa uvimbe wa kinena uliotoka nikibeba mzigo na kurudi nikilala, na nilikuwa nimeizoea kama watu wanavyozoea jirani mgomvi. Asubuhi ile ilitoka ikakataa kurudi. Kufikia adhuhuri nilikuwa natapika na tumbo limekuwa gumu kama ubao. Mama yangu, mjane, aliyekuwa akiishi nami, alikimbia bila viatu kwenda kwa commandant. Hakwenda kwa daktari. Alijua mji ulivyokuwa: daktari wa kizungu aliyebaki hospitali alifanya kazi akilindwa na bunduki, na asiyetumwa na mkubwa alingoja mpaka akafa. Commandant alinipeleka kwa gari lake mwenyewe. Alimwambia daktari fundi huyu asife, koti halijaisha.

Nilipozinduka, uso wa kwanza niliouona ulikuwa wa infirmier. Sitamtaja jina. Alikuwa mtu wa Isangi, mtoto wa wavuvi, amesomea kazi yake kwa mapadri, umri kama miaka thelathini na mitano. Alikuwa na mikono mikubwa sana, mikono ya kuvuta kasia, na nilipoiona nikaogopa kuguswa. Ilikuwa mikono laini kuliko yote iliyowahi kunishika, ukiondoa ya mama.

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akanieleza. Kipande cha utumbo wangu kilikuwa kimekufa, daktari amekikata, urefu wa shibiri, akashona ncha mbili pamoja.

"Fundi, sikia muzuri," akaniambia. "Utumbo yako banaikata, banaishona. We iko fundi, unajua mushono mupya. Ukiivuta mbele uzi haijashika, inafunguka. Maji hapana. Chakula hapana. Mpaka upepo itoke chini. Ikitoka, uniite, hata kama niko nakula."

Nilimwahidi. Nilielewa kuliko mgonjwa yeyote ambaye angeelezwa maneno hayo, maana nimekwisha kuwafokea wateja wangapi waliovaa suruali kabla sijafunga mshono.

Lakini hakuna aliyeniambia kiu ni kitu gani. Ilikuwa miezi ya mvua. Nilikuwa nimelala chini ya paa la bati katika chumba kirefu cha wanaume, nikisikia maji yakimwagika juu yangu na kutiririka kwenye mfereji nje ya dirisha, na ulimi wangu umegandana na kaakaa. Daktari aliruhusu jambo moja tu: kupangusa midomo na pamba iliyolowa. Siku ya pili nililia. Mwanamume wa miaka ishirini na saba, mwenye nyumba, nililia kwa kwikwi huku nimeshika kidonda. Infirmier aliangalia mlangoni, akachovya pamba kwenye kikombe, na badala ya kunipangusa akaiweka katikati ya midomo yangu akaikamua. Matone manne au matano yakashuka. Akaniambia daktari asijue. Tangu hapo, kila alipopita, alinikamulia.

Huo ulikuwa mwanzo tu wa wema wake. Nilipokohoa alikuja mbio akanikandamizia mto tumboni ili mshono usivutike. Alininyoa. Mpiganaji wa kitanda cha pili alipoanza kukata roho, alinigeuza kichwa upande wa ukuta akabaki ananishika sikio, kana kwamba naumwa sikio. Siku moja alimuuliza mama sisi Waislamu tunaswali vipi tukiwa wagonjwa wasioweza kugusa maji. Mama akamweleza habari ya kutayamamu kwa jiwe au udongo safi. Kesho yake aliingia na jiwe la mtoni mfukoni mwa koti lake jeupe, amelisugua, amelianika. Akaliweka karibu na mkono wangu bila kusema kitu, akaendelea kugawa vidonge.

Siku ya tatu asubuhi mama alikuja na kikapu chake. Ndani mlikuwa na birika la maji ya kuniosha uso na miguu, na kichupa kidogo. Alikuwa ametoka kwa mwalimu wetu wa chuo cha Kurani. Mwalimu alikuwa ameandika aya kwenye sahani nyeupe kwa wino wa zafarani, akaziosha kwa maji ya waridi, na maji yale ndiyo yaliyokuwa kichupani. Kwetu huitwa kombe, na hapakuwa na mgonjwa wa mtaa wetu aliyepona bila kulinywa, wala aliyekufa bila kulinywa.

Nilimkumbusha nimekatazwa maji. "Hii haiko maji, mwanangu," akasema. "Hii ni maneno ya Mungu. Mafunda tatu tu."

Nikanywa mafunda matatu, kwa bismillahi, kama inavyotakiwa. Yalikuwa na uchungu kidogo na harufu ya waridi. Mpaka hapo simlaumu mama, wala sijilaumu sana. Kwa miaka mingi, nikiwa peke yangu na dhamiri yangu, nilisimamia hapo: ni kombe, nilisema, ni mama, ni mapenzi ya mzazi.

Si kombe. Kichupa kilikuwa kimekwisha na kiu yangu ilikuwa imefumbuliwa macho. Mama alikwenda upande wa pili wa chumba kumsaidia bibi mmoja kumgeuza mumewe, akaacha kikapu karibu na kichwa changu. Mdomo wa birika ulikuwa umetokeza. Nilijua utumbo wangu umeshonwa. Nilijua uzi haujashika. Nililishika birika kwa mikono miwili, nikanywa funda la nne, na baada ya la nne sikuhesabu tena. Yalikuwa maji ya mtungi wetu, ya baridi. Lazima niseme ukweli wote: sijanywa kitu kitamu kama kile maishani mwangu, na hata leo nikikumbuka, ulimi hunisaliti.

Mama aliporudi aliinua birika akaliona jepesi. Aliniangalia. Kisha akamimina kidogo kilichobaki kwenye kitambaa, akanipangusa uso, akaniombea, akaenda zake.

Kufikia alasiri tumbo lilikuwa limepanda kama unga uliotiwa hamira. Nikaanza kutapika, na kwa kutapika nyuzi mbili za kidonda zikakatika. Niliona kwenye beseni rangi ya njano, nikadhani kila mtu ataijua zafarani. Infirmier alisema ni nyongo. Daktari alikuja akanibonyeza, akasema neno moja kwa Kifaransa, na infirmier akainama akaniuliza kama nimekunywa kitu. Nikatikisa kichwa. Akanipangusa jasho, akawaambia wote wawili, daktari na yule mlinzi mwenye bunduki, kwamba fundi hakunywa.

Mlinzi yule ndiye aliyekwenda kumwambia commandant.

Commandant alifika jua likiwa bado juu, na watu wawili nyuma yake. Mama alikuwa amekwisha kurudi kwa zamu ya jioni na alisimama kichwani pangu, kikapu mkononi. Commandant alisimama mbali na kitanda, kwa sababu ya dawa yake, akauliza nani aliyemnywesha fundi wake.

Hapa nina sababu, na nitaitoa, maana ni ya kweli. Chumba kile kilikuwa kimejaa wapiganaji waliojeruhiwa. Waliamini dawa ya mtu mwingine ikiwakaribia inaua ya kwao. Juma moja kabla ya hapo, mwanamke wa mtaa wetu alikuwa amechukuliwa kwa hirizi tu, iliyoonekana shingoni mwake karibu na kambi, na hakuwa amerudi. Kama ningesema birika, wangeuliza la nani, wangefungua kikapu, wangekuta kichupa chenye harufu na rangi. Mama yangu angesimama mbele ya watu wale kueleza kombe. Nilimsikia akipumua juu ya kichwa changu. Nikafumba macho nikajifanya nimezidiwa.

"Ni miye, chef," infirmier akasema.

Nilifumbua macho.

"Daktari alisema ni midomo tu," akasema. "Miye nilikuwa namukamulia coton mu kinywa. Alikuwa analia. Nilimuonea huruma. Pengine nilikamua sana."

Wakamchukua. Alipopita mlangoni alimgeukia mama akamwambia anishike kichwa kando nikitapika, nisipaliwe. Nami, Mungu anisamehe, nilishusha pumzi. Sikuhuzunika kwanza. Nilianza kwa kufurahi, na furaha ile ilikuwa tamu karibu kama maji ya asubuhi. Huzuni ilikuja nyuma, taratibu, na imekaa mpaka leo.

Alirudi kesho yake mnamo saa nne. Nasikia daktari aligoma, akasema bila mtu huyu majeruhi wenu wataoza. Alitembea miguu ikiwa imeachana, kama mtu aliyepanda punda siku nzima. Walikuwa wamempiga fimbo makalioni na kwenye viganja. Mikono ile mikubwa ilikuwa imevimba na ngozi imepasuka, na vidole havikufumba. Nilikuwa nimetiwa mpira mwembamba puani unaoshuka mpaka tumboni, na kila baada ya muda ilibidi uchafu uvutwe kwa bomba kubwa la sindano. Aliyemshikia zamu alikuwa akinivuta kama anayeng'oa muhogo. Infirmier alimwondoa. Akaliweka bomba katikati ya vifundo vya mikono yake, akavuta kwa kutanua viwiko, polepole, meno yameumana, macho yakiwa usoni pangu kuona kama ninaumia mimi.

Aliniuliza kama ninaumia. Nikasema kidogo.

Hivyo ndivyo alivyonitunza siku tano. Alilala kwenye mkeka kati ya kitanda changu na kingine, kwa tumbo, maana kukaa hakuweza. Alinishonea upya nyuzi mbili baada ya daktari kumwonyesha, akiwa amefunga sindano kwenye vidole kwa utepe. Kitu kimoja tu kilibadilika. Kiu iliporudi nikamtazama, alinipangusa midomo kwa pamba iliyokamuliwa ikawa karibu kavu, akageuza uso. Nilidhani anaogopa fimbo. Nilimwona ana haki.

Kwa commandant nilikuwa na sababu. Kwa infirmier sikuwa nayo. Siku tano kichwa chake kilikuwa shibiri mbili kutoka kichwa changu, na mara nyingi tulikuwa wawili tu tulio macho. Ningemnong'oneza. Angenitukana, angelia, angecheka, lakini asingekwenda kumsema mama yangu kwa mtu. Kama nilijua jambo moja juu ya mtu yule, nilijua hilo. Nilijiambia nitasema nikipona. Siku upepo ulipotoka, nilimwita kama alivyoniagiza, na alikuwa kweli anakula. Alikuja na tonge mdomoni. Alicheka kwa furaha, akawatangazia wagonjwa wote upepo wa fundi, akaniletea chai ya kwanza akaninywesha mwenyewe kwa kijiko, akipuliza kila kijiko. Maneno yalikuwa yamefika kooni. Nikameza chai.

Asante ya punda ni mateke, wazee walisema. Mimi hata teke sikumpiga, nilimwacha apigwe.

Mama alijua. Tangu siku ile alimletea infirmier chakula kila mchana: lituma ya ndizi aliyoitwanga mwenyewe, samaki, siku nyingine pondu ya majani ya muhogo. Alimwekea mbele, akasimama mpaka amalize, kama mtumishi. Infirmier aliona aibu, akasema mama asijisumbue, kazi yake ndiyo hiyo. Mimi na mama hatukuzungumza habari ya birika siku hiyo wala siku nyingine yoyote mpaka alipofariki. Kwetu kuna neno stara, na tunalipenda. Mtu mwema hufunika aibu ya mwenzake. Basi tulifunikana, mama na mwana, na nguo tuliyojifunikia tulikuwa tumemvua mtu mwingine.

Niliporuhusiwa kurudi nyumbani, nilimuaga kwa kumshika mkono kwa uangalifu. Nilimwambia asante mara nyingi sana. Koti la commandant nililimaliza nikishona nimekalia mto, na mikono yake ilikaa vizuri, kitu kilichoniudhi. Hakulivaa sana. Siku chache baadaye ndege zilijaa angani, askari wakashuka kwa miavuli, na sisi mtaani tulilala sakafuni chini ya meza zangu za kukatia. Mambo yalipotulia nilikwenda hospitali kumtafuta infirmier. Wakaniambia amechukua mtumbwi, ameshuka na mto kwenda kwao. Nilimshukuru Mungu kwamba ni mzima. Nilimshukuru pia kwamba yuko mbali.

Miaka sita ikapita. Mama alikufa. Commandant hatukujua amezikwa wapi. Hapakubaki mtu wa kuumizwa na maneno yangu isipokuwa mimi. Nikapata kazi ya kushona sare za shule moja ya Isangi, na kabla ya kusafiri nilikata kitambaa cheupe kizuri, nikashona koti la infirmier, nikikisia mabega yake kwa kumbukumbu. Kwenye boti niliyapanga maneno. Niliyapanga kwa Kiswahili, nikayapanga kwa Lingala, nikayarudia mpaka jirani yangu akahama. Ningemwita papa, kama tunavyomwita baba, niseme: nilikunywa maji, hukufanya kosa lolote.

Alikuwa mkuu wa hospitali ndogo ya pale. Alinitambua kabla sijafika ngazini. "Fundi!" akasema, na mbele ya watu wote waliokuwa wakingoja dawa akaniinua shati, akapitisha kidole kwenye kovu kutoka juu mpaka chini, akawaonyesha wasaidizi wake. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunyooka vizuri. Nilimpa koti. Alilivaa pale pale, likamkaa kama ngozi, na macho yake yakalowa.

Akasema nimsubiri, ana mgonjwa. Chumba cha wanawake kilikuwa wazi, nikaona. Mwanamke alikuwa amepasuliwa siku mbili kabla. Midomo yake ilikuwa imepasuka na nyeupe, kama ya mtu aliyekula chokaa. Mumewe alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, ameshika kitambaa kilicholowa, anaomba aruhusiwe kumpangusa midomo tu. Midomo tu, papa infirmier. Infirmier wangu alimpokonya kitambaa akakitupa dirishani. Alifoka kwa sauti ambayo sikuijua. Yule mwanamke alimfuata kwa macho mpaka alipotoka.

Msaidizi mmoja kijana, aliyekuwa amesimama nami, alinieleza kwa sauti ya chini kwamba mzee ni bingwa wa vidonda, hakuna kama yeye mto mzima, lakini kwa habari ya maji hana moyo. Mwaka uliopita alimfukuza kazi muuguzi mmoja kwa sababu ya pamba yenye maji. Wagonjwa wa tumbo wanamwogopa kuliko kisu.

Tulikaa ofisini kwake, ukuta mmoja na chumba kile. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kuanza. Akanitangulia.

"Fundi, ni Mungu anakuleta," akasema. "Hii miaka yote nalitaka kuja Kisangani kukuona, nikaona haya. Banipiga, bon, ni haki yangu. Daktari alikataza, miye nikakukamulia maji mu kinywa. Huruma yangu ndio ilitaka kukuua. Tangu ile siku, mugonjwa wangu hapati hata coton ya maji. Hata mutoto. Balie, lakini bapone. Unisamehe, fundi. Nakuomba, unisamehe."

Basi ndiyo maana alilala kwenye mkeka. Ndiyo maana alivuta bomba lile kwa mikono iliyopasuka. Mimi niliita wema, na ulikuwa wema, lakini alikuwa pia mtu anayelipa deni langu akidhani ni lake. Na hakuishia kwangu. Nilifikiri ni matumbo mangapi yaliyokuwa yamepasuliwa Isangi kwa miaka sita, na ni midomo mingapi iliyokauka, kwa sababu ya birika la mama yangu.

Sentensi moja ingetosha. Nilikuwa nayo, nimeirudia kwenye boti tangu Kisangani. Nilijiambia: ukimwambia sasa, utampa nini? Utamwambia alipigwa bure, na kwamba amewatesa watu hawa wote bure. Utamvunja mzee wa watu. Nilijiambia hivyo, na ilisikika kama huruma. Lakini ukweli ni kwamba alikuwa ameinama mbele yangu na koti langu jipya mwilini, ananitazama kama mtu anavyomtazama aliyemkosea, na mimi, niliyekuwa nimebeba aibu miaka sita, nilionja kuwa mwenye haki. Nikashindwa kuuacha utamu ule, kama nilivyoshindwa kuliacha birika.

Upande wa pili wa ukuta yule mwanamke alikuwa anaomba maji.

"Nilikusamehe zamani, papa," nikamwambia.

Alinishika mikono yote miwili, akalia, akanishukuru.